Jina la nne kwenye kibali: kisa cha safari ya familia moja kaskazini mwa India

Jumapili, asubuhi na mapema, karani wa lango la hifadhi ya Ranthambore alishika kibali chetu chenye majina manne, akahesabu watu ndani ya gari, akapata watatu. Akauliza wa nne yuko wapi. Nikamwambia amebaki hotelini, mgongo umemkamata. Akapiga mstari kwenye jina la Mzee kwa kalamu ya bluu, akanirudishia karatasi, na lango likafunguliwa. Hazikupita dakika hamsini, chui milia jike akatoka vichakani upande wa kushoto, akashika barabara, akatembea mbele yetu.

Mzee ndiye aliyekuja India kwa ajili ya chui milia. Sisi wengine tulikuwa tumemsindikiza.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya familia, bila majina yao. Niliongoza watalii kanda ya Arusha kwa miaka mingi kabla sijaanza kupanga safari za familia za kwetu kwenda India, na safari hii niliipanga mwenyewe, nikasafiri nao mwenyewe. Sehemu kubwa ya kilichoharibika kilianzia kwenye karatasi yangu ya ratiba. Nimekikalia kisa hiki muda mrefu, kwa sababu kila aliyekisikia alisema ni bahati mbaya, na mimi nina hakika bahati ilichangia kidogo sana.

Familia ilikuwa na watu watatu: Mzee, miaka 68, mstaafu wa reli, Mama, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Tanga, na binti yao, ambaye ndiye aliyelipa. Mzee alifanya kazi na mafundi wa Kihindi wakati kampuni ya RITES ilipoingia kwenye reli yetu mwaka 2007, na tangu hapo alikuwa akisema siku moja atapanda treni yao kwao. Walitaka safari yao peke yao, bila kuchanganywa na kundi: gari lao, dereva wao, na nafasi ya kusimama wanapopenda. Mama alitaka majengo ya Mamoghuli, wafalme wa Kiislamu wa India ya zamani. Binti alitaka wazazi wake wafurahi. Tulikubaliana siku 11, katikati ya Januari.

Ratiba ilikuwa hivi. Kufika Delhi Jumatatu, kukaa hadi Alhamisi asubuhi. Alhamisi kwenda Agra kwa gari, ngome mchana, Taj Mahal jioni. Ijumaa Fatehpur Sikri, kisha kulala Bharatpur. Jumamosi asubuhi kuangalia ndege wa mwituni wa hifadhi ya Keoladeo, halafu treni ya mchana hadi Sawai Madhopur, mji ulio jirani na hifadhi ya Ranthambore. Jumapili kuingia hifadhini mara mbili, Jumatatu asubuhi mara moja. Halafu Jaipur siku mbili, na Alhamisi kurudi Delhi kupanda ndege ya usiku.

Aliyewahi kufanya kazi hii kaskazini mwa India ameshaona kasoro. Taj Mahal hufungwa kwa wageni kila Ijumaa. Nami nilikuwa nimeiweka Alhamisi jioni, saa za mwisho kabisa kabla ya kufungwa, katika mwezi ambao ukungu wa tambarare ya Ganga na Yamuna hulala barabarani hadi karibu adhuhuri. Sikuacha hata nusu siku ya akiba. Nilijua Ijumaa inafungwa, nilijua ukungu. Nilichofanya ni kupiga hesabu ya kilomita, nikaona Delhi hadi Agra ni kama 230, barabara ya Yamuna ni pana na mpya, nikaandika "mwendo wa saa nne" na kwenda mbele.

Alhamisi yenyewe ilianza vizuri mno, na hapo ndipo penye somo. Tulitakiwa kuondoka saa moja. Saa moja ukungu ulikuwa mzito hata taa za gari la mbele hazionekani, dereva akashauri tusubiri. Mama akasema, kama tunasubiri si twende kaburi la Humayun, Jumatano tulilikosa? Ni karibu, gari ni letu. Nikakubali. Lile ni jengo la kukubali kabisa: ni kaburi la mfalme wa Mamoghuli, lilijengwa katika karne ya 16, na wajenzi wa Taj walijifunza mengi kutoka kwake, kuanzia bustani iliyogawanywa na mifereji hadi kuba jeupe juu ya mawe mekundu. Mama alizunguka polepole, akapiga magoti mahali kuangalia namna jiwe jeupe lilivyochomekwa ndani ya jekundu. Nani angemharakisha? Tulitoka pale saa tano kasoro.

Kumbe uhuru ule tuliolipia ndio tulikuwa tunautumia kula muda tusiokuwa nao. Kwenye basi la kundi kiongozi angepiga filimbi. Kwenye gari lako mwenyewe hakuna filimbi, na mgeni hana njia ya kujua kwamba saa moja ya Delhi asubuhi inalipwa Agra jioni. Kumwambia ilikuwa kazi yangu. Barabara ya Yamuna mwendo unashushwa majira ya ukungu. Mbele kidogo malori mawili yalikuwa yamegongana na foleni ikasimama. Tuliingia Agra saa kumi na moja na nusu. Dirisha la tiketi hufungwa dakika arobaini na tano kabla ya jua kuzama. Lilikuwa limeshafungwa.

Usiku ule mezani nilieleza hali ilivyo. Mzee akauliza swali ambalo Mwislamu yeyote angeuliza: Ijumaa si kuna msikiti ndani ya uwanja wa Taj na watu wanaswali, basi twende tukaswali. Ni kweli upo, upande wa magharibi wa kaburi. Lakini mwaka 2018 mamlaka za Agra ziliagiza kwamba Ijumaa wakazi wa mji huo tu ndio waswali pale, na Mahakama ya Juu kabisa ya India ikakataa kuwafungulia watu wa nje. Mzee akanyamaza. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nitafika Agra nirudi bila kuiona?"

Sentensi ile ndiyo iliyoniongoza, badala ya ramani. Nikatoa pendekezo: Ijumaa tuendelee kama ilivyopangwa, tulale Bharatpur, lakini Jumamosi alfajiri turudi Agra, kilomita hamsini na kitu tu, tuione Taj jua likichomoza, halafu tuende Ranthambore kwa gari moja kwa moja. Tunapoteza tiketi za treni na asubuhi ya ndege wa Keoladeo, hatupotezi zaidi ya hapo. Binti akafurahi. Mzee akauliza treni ni saa ngapi, nikamjibu, akatikisa kichwa akasema sawa, Mama kwanza.

Ijumaa ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Fatehpur Sikri, mji ambao Akbar, mfalme wa Mamoghuli, aliujenga kuanzia mwaka 1571 akaukaa kama miaka 14 tu, una msikiti ambao bado unaswaliwa, na tulifika kwa wakati wa Ijumaa. Tulipanda ngazi za Buland Darwaza, mlango wa takriban mita 54 kutoka chini hadi juu, Mzee akisimama kila baada ya ngazi kumi na kushika kiuno. Nilimwona. Niliiona mikono ile kiunoni na sikuiingiza kwenye hesabu ya kesho yake. Ndani, kaburi la Salim Chishti ni la marumaru nyeupe, na watu wa dini zote hufunga nyuzi kwenye madirisha yake ya marumaru iliyotobolewa, wakiomba watoto zaidi ya yote, kwa sababu Akbar mwenyewe aliombewa mtoto na sheikhe yule.

Jioni tulipata saa mbili za Keoladeo. Hifadhi hii ina kilomita za mraba 29 tu na gari haliingii kiholela. Unapanda riksho ya kukanyaga, dada yake guta la Kariakoo ila badala ya mizigo kuna kiti cha watu wawili. Wakanyagaji wengi wamejifunza ndege hadi wanamshinda mtu mwenye shahada. Wetu alisimama ghafla, akamwonyesha Mama chatu aliyejianika kando ya shimo lake akitafuta joto la mwisho la jua. Kisha korongo walioatamia juu ya miti iliyozingirwa na maji, mamia yao, makinda yakipiga kelele kama soko.

Karibu na hekalu la ndani kuna mawe yaliyoandikwa. Mama, kwa mazoea ya ualimu, aliyasoma yote kwa kidole. Ni orodha ya uwindaji, maana mahali pale palitengenezwa na maharaja wa Bharatpur pawe pa kupiga bata. Mwaka 1938, gavana mkuu Linlithgow alipokuja, waliangusha ndege 4,273 kwa siku moja. Mama alirudia ile tarakimu mara mbili. Nikamwambia habari ya korongo mweupe wa Siberia, aliyekuwa akivuka Asia ya Kati kuja kukaa hapa majira ya baridi, na kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hajaonekana tena. Kwa mpenda ndege, saa mbili pale ni dhambi. Asubuhi ndiyo yenyewe, na asubuhi ile nilikuwa nimeiuza.

Jumamosi tuliondoka saa kumi na moja na robo. Hewa ilikuwa ya kugandisha vidole. Watu wetu wa Pwani wana picha ya India ya joto tu, na nguo nzito walizokuja nazo hazikutosha. Ukungu tena. Tulifika lango la mashariki la Taj saa moja na robo na hapakuwa na Taj. Palikuwa na weupe. Hapo nilifanya jambo moja sahihi, na nalieleza kwa sababu linasaidia: tiketi ya Taj ina saa tatu tu tangu unapoingia, na mgeni analipa rupia 1,100 na nyingine 200 za kupanda hadi kwenye kaburi lenyewe. Ukiingia ndani ya ukungu, unanunua ukungu. Tulikaa kwenye kibanda cha chai hadi saa nne na robo, tukinywa chai ya tangawizi kwenye vikombe vya udongo, hadi paa la lango kuu lilipoanza kuonekana.

Na nisiseme uongo: ilistahili. Kwenye lango lile kubwa imeandikwa Suratul Fajr, kwa mkono wa Amanat Khan, herufi nyeusi ndani ya marumaru, na za juu zimefanywa kubwa kuliko za chini ili macho ya aliye chini yazione sawasawa. Mama aliinua uso akaanza kusoma kwa sauti, hakuhitaji mwongozaji. Alipofika "Yaa ayyatuhan nafsul mutmainna" sauti ikamkatika. Watu walikuwa wakitupita pande zote na simu mikononi. Akamaliza aya, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akatazama mbele, na lile kuba likawa linatoka kwenye ukungu taratibu kama mtu anayevuliwa shuka. Mumtaz Mahal, malkia aliyejengewa kaburi hili, alifariki mwaka 1631 katika uzazi wa mtoto wa 14. Mama alilijua hilo kabla hajatoka Tanga.

Tuliondoka Agra saa saba mchana. Barabara ya kwenda Ranthambore ina saa sita za makorongo, matuta na matrekta ya miwa. Mzee alikaa mbele kwa ajili ya mgongo, na kila tuta dereva aliomba radhi: "Sorry, Uncle-ji." Saa mbili usiku tukafika. Mzee hakuweza kushuka mwenyewe. Saa kumi na moja alfajiri nilipogonga mlango, Mama alitoka akanong'ona kwamba baba hajalala, ameze dawa, twende sisi, zimebaki safari mbili za hifadhini.

Sasa nieleze kibali, kwa sababu watu wa kwetu huona ni karatasi tu. Ranthambore imegawanywa katika maeneo kumi yenye namba. Kibali kinataja tarehe, asubuhi au jioni, eneo, na jina la kila mtu na namba ya pasipoti yake. Gari ni jipu la wazi la viti sita au kanta, lori la wazi la viti ishirini. Sisi tulilipia viti vyote sita vya jipu ili tuwe peke yetu. Lakini hata ukilipia viti vyote, huhamishi tarehe, huhamishi eneo, na kiti cha Mzee hawezi kukalia mtu mwingine. Majipu mazuri ya Januari huisha mapema. Serengeti nikikosa simba asubuhi, nabadili njia mchana, nachelewa kula, narudi. Ranthambore unaingia kwa saa tatu na nusu ulizopewa, kwenye eneo ulilopewa, unatoka.

Na mnyama mwenyewe si simba. Simba anaishi kwa ukoo na hulala kwenye nyasi fupi, magari kumi yanamwona kwa mbali. Chui milia hutembea peke yake ndani ya msitu mkavu wa miti ya dhoki, rangi zake ni zile zile za majani yaliyokauka. Humtafuti kwa macho, unamsikiliza kupitia wengine: kulungu mwenye madoa akipiga mbinja, nyani wa kijivu akikohoa juu ya mti, na zaidi ya wote sambari, kulungu mkubwa mwenye mlio kama mtu aliyepiga debe. Mwongozaji wetu alizima gari aliposikia sambari mara ya tatu.

Chui milia alitoka bila haraka. Alikuwa mita thelathini, kisha ishirini. Mabega yalipanda na kushuka moja moja, na nyayo hazikutoa sauti yoyote kwenye vumbi. Alinusa shina la mti, akageuka, akalinyunyizia, akaendelea kutufuata huku dereva akirudi nyuma pole pole. Dakika 11 kwa saa yangu. Binti alirekodi zote. Alipoingia tena msituni, hatukushangilia. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa jina la mumewe.

Mchana Mzee alipata nguvu akaja. Tulipewa eneo la maziwa, chini ya ngome ya kale ya Ranthambore. Kuna mamba, kuna sambari wanaokula majani ya majini, maji yakiwafika tumboni, na sambari mmoja alilia kwa dakika arobaini akitazama nyasi ndefu. Kilichokuwa kwenye nyasi hakikutoka. Jumatatu asubuhi tukaona unyayo, wa usiku ule ule. Mzee aliomba gari lisogezwe, akainama upande kadiri mgongo ulivyoruhusu, akautazama muda mrefu. Kushuka garini hairuhusiwi. Binti alipomwonyesha simu jana yake usiku, alisema, "Weka. Nitaiona nyumbani."

Niliporudi nilitandaza ramani, nikaona kitu ambacho mtoto wa shule angekiona. Delhi, Agra na Jaipur ni pembetatu. Ukikosa Agra ukienda, unaipitia ukirudi: Jumatano ungetoka Jaipur, saa tano njiani, Taj jioni ile au Alhamisi asubuhi, halafu Delhi na ndege ya usiku. Tungekosa siku moja ya Jaipur, mji mzuri lakini si ulioitiwa safari hii. Mzee angepanda treni yake Jumamosi, angefika Sawai Madhopur alasiri, angelala mapema. Mama angeiona Taj siku nne au tano baadaye, na Ijumaa asubuhi angeweza kuitazama kwa ng'ambo ya mto kutoka bustani ya Mehtab Bagh, ambayo Ijumaa huwa wazi.

Kwa nini sikuliona? Kwa sababu Taj ndilo jina kubwa, nikaifanya nguzo. Kumbe Taj inasogea, iko wazi siku sita kwa wiki, mwaka mzima. Vibali vitatu vya msituni ndivyo visivyosogea, na mgongo wa mtu wa miaka 68 hausogei pia. Nilichukua kinachosogea nikakifunga kigingi, nikachukua kisichosogea nikakivuta ili kitoshe. Pesa za safari ya binafsi zilitununulia gari, dereva na viti sita. Nguvu ya kupanga upya siku zilizobaki pia zilitununulia, na hiyo ndiyo niliitumia nusu, kwa kuwa nilikuwa nimeinamia sahani ya chakula na machozi ya Mama badala ya ramani nzima. Kumuuliza Mzee mwenyewe "wewe umekuja kuona nini?" pale mezani kungetosha. Alisema Mama kwanza, kama wazee wetu wanavyosema, nami nikalichukua kama jibu.

Jambo dogo nililobadilisha tangu siku hiyo: naanza kuandika ratiba kutoka kwenye siku za vibali, nikirudi nyuma, na siku kabla ya kibali cha kwanza haina safari ya gari inayozidi saa tatu. Kila mteja namuuliza peke yake, mbali na mwenzake, kitu kimoja ambacho akikikosa atarudi na uchungu.

Mwezi uliopita Mzee alinipigia. Shikamoo haijakamilika akaniambia anataka Ranthambore peke yake, usiku nne, na treni kutoka Delhi moja kwa moja. Nikamshauri mwisho wa Aprili, nyasi zimekauka, maji yamebaki kwenye madimbwi machache, chui milia hushuka kunywa na kulala majini. Ila joto hupita nyuzi 40. Akasema joto analijua, amekaa Tabora. Akaniuliza vibali sita vinaandikwaje, nikamsomea kimoja kimoja kwa tarehe. Kwenye kila kimoja akanirudishia namba ya pasipoti yake, tarakimu kwa tarakimu, akihakiki kama nimeiandika sawa.